Kabla ya Kuchora Gauni, Hesabu Stoo

Vijana wengi wanaotaka kuingia kwenye mitindo huanza na daftari la michoro. Wanajifunza kuchora mwili wenye urefu wa vichwa tisa, wanajifunza kupaka rangi, kisha wanatafuta jukwaa. Swahili Fashion Week, ambayo Mustafa Hassanali aliianzisha Dar es Salaam mwaka 2008, imewapa wengi jukwaa hilo, na si jambo dogo. Ila jukwaa halilipi kodi ya fremu. Anayepata hela kila mwezi katika biashara hii ni yule anayejua kwa nini blauzi za saizi S bado zimelala stoo wakati za L zilikwisha wiki ya pili, na anayejua la kufanya kabla mzigo mwingine haujaagizwa.

Kununua, kubuni na kushauri huhesabiwa kuwa kazi tatu, na kwenye makampuni makubwa ya Ulaya ni idara tatu kweli. Soko letu halina nafasi hiyo. Mwenye duka la nguo za kike Sinza anataka mtu mmoja atakayemwambia alete nini, akashone wapi na auze kwa bei gani. Anayetaka kuishi kwa kazi hii lazima azijue zote tatu, na kwa maoni yangu aanze na ununuzi, afuate ubunifu, na ushauri aufikie mwisho. Mbunifu asiyewahi kuhesabu mzigo uliobaki huchora nguo zinazopigiwa makofi na kurudi nyumbani na mwenyewe. Mshauri asiyewahi kununua wala kukata kitambaa anauza maneno tu.

Pa kuingilia

Nafasi za ununuzi zipo chache kuliko mtu anavyodhani akitembea kwenye maduka makubwa. Minyororo ya nje iliyofungua matawi Nairobi, LC Waikiki kwa mfano, huamua mzigo makao makuu, huko Istanbul. Anayeajiriwa tawini anasimamia duka na kugawa saizi, hanunui. Ununuzi wenyewe uko kwa kampuni za hapa zenye maduka kadhaa (Vivo ya Nairobi, iliyoanza 2011, ni mfano mzuri kwa sababu hubuni na kutengeneza nguo zake yenyewe), kwa waagizaji wa Kariakoo na Eastleigh, na kwa watengenezaji wa sare za shule, hoteli na hospitali. Hao wa sare watu huwapuuza kwa kuona kazi yao haina mvuto. Ndipo unapojifunza nidhamu ya saizi, sampuli na tarehe ya kukabidhi haraka kuliko kwingine kokote, maana shule ikifungua Januari na sare hazipo, hakuna kisingizio kinachosikilizwa.

Cheti kinasaidia, ila si mlango pekee. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, Tanzania, vinafundisha ushonaji na ukataji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Moi cha Eldoret wana masomo ya nguo na vitambaa kwa upande wa uhandisi na teknolojia. Ukishindwa kupata nafasi hizo, omba kazi ya stoo kwa muagizaji. Kubali miezi sita ya kufungua maboksi, kuhesabu pisi na kuandika.

Na andika kwa mfumo. Kila nguo iwe na namba inayobeba aina, mtindo, rangi na saizi: BLZ-014-BLU-L, basi. Maduka mengi yanaandika "blauzi 12" kwenye daftari, na ndiyo maana mwisho wa mwezi mwenye duka anajua ameuza shilingi ngapi lakini hajui ameuza nini. Mtu anayeingia humo na jedwali la Excel lenye safu sita tu (namba ya bidhaa, tarehe iliyoingia, idadi iliyoingia, iliyouzwa, iliyobaki, bei ya kununulia) ameshakuwa mnunuzi kabla hajapewa cheo hicho.

Hela ya kununulia haitoki kichwani

Swali la kwanza la mnunuzi ni kiasi gani bado kinaruhusiwa kuagizwa, na jibu lake ni hesabu ya mstari mmoja. Chukua mauzo unayotarajia mwezi huo, ongeza punguzo utakalotoa, ongeza thamani ya mzigo unaotaka ubaki mwisho wa mwezi. Ondoa mzigo ulionao mwanzoni, ondoa na ule ulioagizwa tayari ambao uko njiani. Tuseme duka linatarajia kuuza milioni 30, kutoa punguzo la milioni 2, na kubaki na mzigo wa milioni 45: jumla 77. Mwanzo wa mwezi kuna mzigo wa milioni 50, na wa milioni 15 uko baharini. Kilichobaki cha kununua ni milioni 12, kwa bei ya dukani. Kama faida ghafi ya duka ni asilimia 45 ya bei ya kuuzia, basi hela ya kumpelekea muuzaji wa jumla ni milioni 6.6.

Wengi wanakosea hapo hapo kwa kusahau mzigo ulio njiani. Mtu anaona fremu imepungua nguo, anaruka Guangzhou, China, na wakati huo boksi lake la safari iliyopita liko bandarini. Mizigo miwili inafika kwa pamoja, yote ya msimu uleule.

Kosa la pili ni kuchanganya nyongeza juu ya bei ya kununulia na faida ndani ya bei ya kuuzia. Nguo iliyonunuliwa 20,000 ikauzwa 30,000 imeongezwa asilimia 50, lakini faida ndani ya bei ni asilimia 33.3. Toa sasa ofa ya asilimia 20. Bei inashuka hadi 24,000, faida inabaki 4,000. Punguzo la asilimia 20 limekula asilimia 60 ya faida. Ukimwonyesha mwenye duka hesabu hii kwenye karatasi, mara nyingi ndiyo siku anayoacha kutoa ofa kwa mazoea.

Halafu kuna saizi. Viwanda na masoko ya Guangzhou hupenda kuuza kwa pakiti zenye idadi sawa ya kila saizi, na Laleli na Merter kule Istanbul huuza kwa seri, yaani pakiti ya mtindo mmoja yenye saizi zilizopangwa tayari. Wateja wako hawajapangwa hivyo. Angalia mauzo yako ya miezi kumi na miwili kabla ya kukubali pakiti. Duka la nguo za kike Dar es Salaam linaweza kukuta uwiano wake halisi ni S 1, M 2, L 3, XL 3, XXL 1. Kwa blauzi 600 za rangi tatu, kila rangi pisi 200, hiyo ni S 20, M 40, L 60, XL 60 na XXL 20. Ukichukua pakiti sawa unapata 40 za kila saizi: L na XL zinakwisha mapema, S na XXL zinabaki zikining'inia. Kwenye hesabu ya stoo mzigo unaonekana upo. Dukani hakuna cha kumpa mteja.

Saizi zenyewe pia hazifanani. L ya soko la ndani la China inaweza kumbana mtu anayevaa M hapa. Usinunue kwa herufi. Nenda na futi kamba, pima kifua, nyonga na urefu wa mkono, andika kwa sentimita.

Mwezi mwandamo na kiwanda kilichofungwa

Kalenda ya mitindo inayofundishwa vitabuni ina misimu ya baridi na joto. Yetu ina Idi, Krismasi, Januari ya sare, na harusi zinazojaa baada ya Ramadhani na mwishoni mwa mwaka. Idi el-Fitri inawahi kwa siku 11 hivi kila mwaka, na miaka hii imefika mahali pabaya kwa muagizaji. Mwaka 2027 Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia 6 Februari, na Idi inatarajiwa karibu na 10 Machi, kwa kutegemea mwezi. Mwaka 2028 ni 26 Januari, na Idi mwishoni mwa Februari.

Viwanda vya China hufungwa kwa wiki mbili hadi nne kwenye Mwaka Mpya huo, na wafanyakazi wengine hawarudi kabisa. Wiki za mwisho kabla ya kufunga kazi hufanywa mbiombio, ndipo nyuzi zisizokatwa na vifungo vilivyolegea huwa vingi. Meli nayo, ukijumlisha kukusanya mzigo, safari na kutoa bandarini, huchukua mwezi na nusu hivi, pengine miwili. Rudisha siku nyuma mwenyewe: mzigo wa Idi ya Machi 2027 unatakiwa uwe melini kabla ya katikati ya Januari, oda iwe imethibitishwa Novemba, na sampuli ziwe zimekubaliwa Oktoba. Anayeamka Januari atalipa ndege kwa kilo, na kwenye gauni zito lenye shanga gharama ya kilo inaweza kumaliza faida yote.

Istanbul inaokoa hapo, kwa kuwa ni karibu na soko lake halifungi Februari. Bei kwa pisi iko juu, lakini seri ni ndogo, unaweza kuchukua mitindo kumi na mitano bila kuzamisha mtaji kwenye mmoja. Kwa duka linaloanza napendelea Istanbul. Guangzhou ni ya yule anayejua tayari mtindo gani utauza pisi 300.

Ndani ya Guangzhou kwenyewe masoko hayalingani. Baima, karibu na stesheni ya reli, na Shisanhang huuza nguo zilizo tayari. Shahe ni ya bei ya chini kabisa, na ubora wake unafuata bei. Zhongda, wilaya ya Haizhu, ni ya vitambaa na vifaa: zipu, vifungo, lebo. Anayetaka kitambaa kwa wingi mkubwa huenda Keqiao, Shaoxing, mbali na hapo. Maonesho ya Canton, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, huweka nguo na vitambaa kwenye awamu ya tatu. Kila mwaka wapo wanaofika awamu ya kwanza na kukuta vifaa vya umeme.

Gharama hadi mlangoni

Bei ya kiwandani ni mwanzo tu wa hesabu. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeweka nguo zilizoshonwa kwenye daraja la juu la asilimia 35. Kila mwaka wa bajeti nchi hupata nafuu au nyongeza zake, kwa hiyo soma Gazeti la Jumuiya la mwishoni mwa Juni kabla ya kukokotoa. Tumia blauzi zilezile 600 kwa dola 5: dola 3,000. Usafiri na bima, tuseme 420. Thamani ya forodha inakuwa 3,420. Ushuru wa asilimia 35 ni 1,197, jumla 4,617. VAT ya Tanzania, asilimia 18, inatozwa juu ya jumla hiyo: 831. Umefika 5,448, sawa na dola 9.08 kwa blauzi, na bado kuna tozo ndogo za forodha, wakala na gari la kutoka bandarini. Kama umesajiliwa VAT, ile 831 utaidai, na gharama yako halisi ni dola 7.70. Kama hujasajiliwa, ni yako. Kenya hesabu ni ileile, kwa VAT ya asilimia 16 na tozo zake.

Tanzania na Kenya zote zinataka mizigo mingi ikaguliwe kabla ya kuondoka, chini ya mashirika yao ya viwango, TBS na KEBS. Wanaopakia kwa wakusanyaji wa CBM (wanaochanganya mizigo ya watu wengi na kutoza kwa mita za ujazo) hawaioni hatua hiyo kwa kuwa imefichwa ndani ya bei ya kilo au ujazo. Hilo ni sawa hadi siku utakapotaka kuuza kwa hoteli au taasisi inayoomba nyaraka za mzigo. Huna ankara yenye jina lako, huna risiti ya forodha, na mteja mkubwa anaondoka.

Malipo ya kawaida kiwandani ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia. Ile 70 ndiyo nguvu yako pekee, usiitoe kabla ya ukaguzi. Kwa mzigo wa pisi 600, utaratibu wa kimataifa wa ukaguzi wa sampuli, ISO 2859, kwa kiwango cha kawaida unasema uchague pisi 80 ovyo, kutoka maboksi tofauti. Kwa kikomo cha kasoro zinazokubalika cha asilimia 2.5, kasoro kubwa zikiwa 5 au pungufu mzigo unapita. Zikiwa 6, unakataa. Mzigo wa pisi 281 hadi 500 unahitaji pisi 50, na mpaka ni kasoro 3. Kasoro kubwa ni ile inayomfanya mteja arudishe nguo: mshono ulioachia, doa mbele, zipu isiyopanda, kipimo kilichotoka nje ya kiasi mlichokubaliana. Maboksi uyachague wewe. Ukiletewa pisi "za kukagua" mezani, hujakagua kitu.

Gauni la 60,000 linalokula hasara

Upande wa ubunifu, pigo kubwa liko kwenye karatasi ya gharama. Chukua gauni la kitenge. Kitambaa yadi 3 kwa 5,000 ni 15,000. Bitana 4,500. Zipu 1,000. Uzi, stifu na lebo 1,500. Kukata na kushona 15,000. Mfuko 1,000. Weka asilimia 5 ya kitambaa na bitana kwa kinachopotea, kama 1,000. Jumla 39,000. Mbunifu anauza 60,000 na anaona ana 21,000 mfukoni.

Sasa duka la Masaki linakubali kulichukua kwa mali kauli na linataka asilimia 40 ya bei. Duka linabaki na 24,000, mbunifu anapata 36,000. Kila gauni linalouzwa linampa hasara ya 3,000, na likiuzwa sana ndivyo anavyofilisika haraka. Hawezi kupandisha bei hadi 90,000 kwa sababu gauni la jirani kwenye henga linauzwa 65,000.

Njia ni kuanza na bei na kurudi nyuma. Bei 60,000, mbunifu anapata 36,000, anataka faida ya asilimia 35 ndani ya hiyo. Gharama isizidi 23,400. Kisha anakaa na fundi na kubuni upya kwa hesabu: mpangilio wa kukata ubanwe hadi yadi 2.5; kitambaa kinunuliwe kwa jora Mtaa wa Uhuru badala ya rejareja, tuseme 4,200 kwa yadi, hivyo 10,500; bitana itoke na shingo imaliziwe kwa kipande cha kugeuzia ndani; gauni liwe la kuvalia kichwani ili zipu itoke; zishonwe 20 kwa mkupuo, mmoja mabega, mwingine mikono, mwingine pindo, gharama ya fundi ishuke hadi 9,000. Ongeza uzi, stifu na lebo 1,500, mfuko 1,000, upotevu 525. Jumla 22,525. Hapo ndipo ubunifu ulipo, na ni mgumu kuliko kuchora.

Kitambaa kina hila zake. Kitenge kina upana wa inchi 44 hadi 46 na michoro mingi mikubwa ina upande wa juu na wa chini. Ukikata bila kuangalia, ndege wa mgongoni watasimama kwa vichwa. Michoro ya upande mmoja huongeza kitambaa, na huo uongezekaji uandikwe kwenye gharama. Kama muuzaji anasema ni wax, geuza: wax ya kweli inaonekana karibu sawa pande zote mbili. Kama anasema ni pamba tupu, choma uzi mmoja. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha tone gumu.

Kanga ni kazi nyingine kabisa. Ina sentimita 150 kwa 110 hivi, pindo pande nne, mji katikati na jina juu ya pindo la chini. Huwezi kutandika tabaka 20 na kupitisha mkasi kama kitambaa cha kawaida, kwa sababu chapa haikai palepale kila kanga. Tofauti ya sentimita moja inatosha kufanya pindo lipande kushoto na kushuka kulia. Kila tabaka linapachikwa pini kwenye kona za pindo kabla ya kukata, na muda wa kukata unapanda. Amua mapema jina linakaa wapi, maana mteja atalisoma, na wengine watalisoma wakiwa nyuma yake. Na ifuliwe kwanza iondoke dondo. Pima hivi: chora mraba wa sentimita 50 kwa 50, fua, anika, pasi, pima tena. Ukipata 47.5, kitambaa kimerudi asilimia 5, na gauni lililokatwa kifua cha sentimita 100 litakuwa 95 baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Rangi isugue kwa kitambaa cheupe, kikavu mara kumi, kisha chenye maji mara kumi.

Fundi wa kiwandani hasomi mchoro wenye mwanamitindo anayetembea. Anataka mchoro bapa wa mbele na nyuma, jedwali la vipimo kwa kila saizi na kiasi kinachoruhusiwa kupotoka (kifua na urefu sentimita 1, shingo nusu), orodha ya kila kitu kinachoingia hadi uzi, aina ya mshono na mishono mingapi kwa inchi, mahali pa lebo, na jinsi ya kukunja. Kutoka saizi moja hadi nyingine kifua huongezeka sentimita 4, na kuanzia XL kuendelea 5 au 6. Ukiongeza mabega kwa kiasi hichohicho, XXL itaning'inia kwenye mikono. Sampuli iliyokubaliwa itiwe sahihi na pande zote mbili, moja ibaki kwako. Bila hiyo, ugomvi wa "kitambaa si kile" hauna mwamuzi. Vipande vya nguo moja vikatwe jora moja na vipewe namba, kwa kuwa majora mawili ya bluu ileile yanaweza kutofautiana, na tofauti hiyo utaiona dukani chini ya taa.

Jina la biashara lisajiliwe kama alama ya biashara kwa wakala wa usajili wa Tanzania Bara, BRELA, daraja la 25 kwa mavazi. Zanzibar ina usajili wake, BPRA. Cheti cha Bara hakivuki maji.

Kulipwa kwa kushauri

Mteja wa ushauri huja akisema mauzo yameshuka, anataka matangazo Instagram. Usianze na matangazo. Omba mauzo ya miezi 12 kwa bidhaa, orodha ya wauzaji wa jumla na madeni yao, ankara tatu za mwisho za mzigo, mkataba wa fremu. Kisha funga duka siku moja na uhesabu stoo pisi kwa pisi, ukiandika tarehe kila mzigo ulipoingia. Nguo zilizokaa zaidi ya siku 90 zitenge. Kwenye maduka mengi rundo hilo lina mtaji mkubwa kuliko mkopo ambao mwenye duka anataka kwenda kuomba benki.

Kisha hesabu mbili. Kwanza, ya kila mzigo ulioingia, asilimia ngapi imeuzwa kwa bei kamili ndani ya wiki nane. Pili, mzigo uliopo utatosha wiki ngapi kwa mwendo wa mauzo ya sasa. Duka lenye magauni 480 linalouza 20 kwa wiki lina mzigo wa wiki 24. Kumshauri mwenye duka hilo alete mtindo mpya ni kumwibia. Ushauri wa kwanza karibu kila mara ni mchungu: punguza bei ya kilicholala sasa, mara moja na kwa kiasi cha kutosha, badala ya asilimia 10 kila mwezi huku nguo inapauka dirishani.

Bei yako iandikwe kwa kazi, isiwe kwa maelewano. Kazi ya kwanza iwe ndogo na yenye mwisho: kuhesabu stoo, ripoti ya kurasa sita, mpango wa ununuzi wa miezi mitatu, siku kumi za kazi. Nusu ilipwe kabla. Kampuni itakayokulipa itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya huduma za kitaalamu, Tanzania na Kenya pia, hivyo iandike kwenye nukuu na udai cheti cha makato. Bila cheti utailipa tena. Wateja wa sare wanaotaka zabuni za serikali ya Tanzania lazima wawe kwenye mfumo wa manunuzi ya umma mtandaoni, NeST, na kumsaidia fundi mwenye cherehani kumi kujisajili na kuandaa sampuli za zabuni ni huduma inayolipwa ambayo washauri wengi wa mitindo hawaitazami.

Jambo moja huharibu majina ya washauri kuliko yote: kamisheni ya kificho. Guangzhou na Istanbul ni kawaida muuzaji kumpa chochote aliyemleta mteja, na mawinga wa Kariakoo (madalali wanaowapeleka wateja dukani) wanaishi kwa hiyo kwa uwazi kabisa. Winga anajulikana ni winga. Mshauri aliyelipwa na mteja ili amtafutie kiwanda bora, kisha akalipwa na kiwanda pia, atamchagulia mteja kiwanda kinachomlipa yeye. Chagua upande mmoja, uandike kwenye mkataba, na kama kiwanda kinasisitiza kutoa, itoke kama punguzo kwenye ankara ya mteja. Kwenye mkataba huohuo andika pateni (karatasi za kukatia) na majedwali ya vipimo ni mali ya nani kazi ikiisha. Kwa kawaida mteja aliyelipia huvichukua, na mshauri hubaki na haki ya kuonyesha picha za kazi kwa wateja wengine. Msipoliandika hilo mapema, mtaligombania siku mteja atakapohamisha ushonaji kwa fundi mwingine na kukuta karatasi za kukatia ziko nyumbani kwako.